Ofisini nzito, nyumbani nafuu: nilipie madabodi mpya?

Assalaam alaykum Maalim,

Mimi ni mpima ardhi. Nakaa Wete, ofisi yetu iko Chake Chake. Kazi yangu kubwa siku hizi ni picha za droni: tunairusha juu ya mashamba na makaazi, kisha mimi nakaa na kompyuta kuziunganisha picha mia kadhaa mpaka itoke ramani moja. Kwa kazi hiyo nilijinyima, kaka yangu aliyeko Marekani akaniongezea, akaninunulia huko huko laptopu ya kikazi ya daraja la juu, yenye kadi yake ya picha na RAM ya GB 64. Yeye ndiye aliyeiwasha na kuipanga mwanzo, ikaja tayari.

Miezi ya mwanzo niliifurahia. Sasa imekuwa mtihani. Ofisini asubuhi inafanya kazi vizuri, baada ya muda inakuwa nzito hata kishale hakitaki kusogea. Ramani iliyokuwa ikimalizika kabla ya adhuhuri, magharibi inaingia bado haijatoka. Nikirudi nyumbani naiona imepata nafuu, ila huko ina jingine: kishale kinarukaruka chenyewe, na nikieka mkono kwenye bati lake nahisi umeme mdogo unanitambaa. Betri inajaa asilimia 80 basi, haipandi. Na mara nyingine naifunga, naitia mkobani, nikifika Chake naikuta ya moto na betri imekwisha.

Chaja yake ya asili ni tofali zito lenye plagi ya Kimarekani ya pini tatu, kwa hiyo nimeliacha nyumbani nalitumia kwa adapta ya pini mbili niliyonunua dukani. Ofisini natumia chaja ndogo ya USB-C iliyokuwa ya laptopu yangu ya zamani. Inaonyesha inachaji, kwa hiyo sidhani kama tatizo liko hapo.

Nimeipeleka kwa fundi. Kasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, iagizwe nyingine Dubai, shilingi milioni moja na laki mbili. Akasema tunaweza kwanza kujaribu kuipiga BIOS mpya, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine, na betri itolewe ili isisumbue. Kijana mmoja kazini anasema ni ule ugonjwa wa prosesa za Intel uliotangazwa. Na Windows yenyewe haiachi kuniambia kuna fimwea mpya inasubiri. Naogopa kuikubali, maana shemeji yangu aliikubali ya kwake, umeme ukazimika katikati, haikuwaka tena.

Nilipe madabodi? Niikubali hiyo fimwea? Ramani za wateja zote zimo humo.

Mpima, Wete

*

Waalaykumu ssalaam warahmatullah, dada yangu.

Usilipe madabodi. Isome tena barua yako mwenyewe: kila ulipotaja uzito umetaja ofisi, na kila ulipotaja kishale kurukaruka umetaja nyumbani. Madabodi iliyoungua haibadiliki tabia kwa kuhama mji. Kinachobadilika baina ya Wete na Chake ni chaja na soketi, basi na tuanzie hapo.

Lichukue lile tofali uligeuze usome karatasi iliyobandikwa chini. Tafuta mstari ulioandikwa OUTPUT. Utakuta volti na ampea. Zidisha moja kwa nyingine upate wati. Kwa laptopu za aina yako ni kawaida kukuta volti 20 na ampea 8.5, yaani wati 170, na ziko zinazofika 230. Sasa soma ile chaja ndogo ya ofisini. Mara nyingi zile huandikwa volti 20, ampea 3.25. Hizo ni wati 65. Mashine yako inapounganisha picha, prosesa na kadi ya picha zinavuta kwa pamoja, na wati 65 haziwezi kuzilisha zote mbili. Mwanzo betri ndiyo inayojazia pengo, ndiyo maana asubuhi unaiona nzima. Betri ikishateremka, kuna chipu ndogo kwenye madabodi inayosimamia umeme, feni na kuchaji. Hiyo huikata prosesa kasi ili chaja isizidiwe. Uzito unaouona ofisini, kwa ninavyousoma, ni mashine inayojikinga.

Ile alama ya kuchaji inakwambia umeme unaingia. Haikwambii kama unatosha. Laptopu nyingi za kikazi hutoa onyo wakati wa kuwaka kwamba chaja ni ndogo kuliko inavyotakiwa, na wengi wetu tunalibonyeza lipite bila kulisoma.

Usiniamini kwa maneno, pima. Ukiwa ofisini na mashine imeshakuwa nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda kwenye ukurasa wa utendaji (Performance), bonyeza CPU, yaani prosesa, utizame kasi iliyoandikwa kwa GHz. Ukikuta 0.39 au 0.79 nayo ramani inaendelea kuunganishwa, mashine imefungwa breki. Chomoa ile chaja ndogo, subiri kidogo, utizame tena ikiwa kwenye betri peke yake. Kisha siku hiyo hiyo chomeka tofali la asili, uipe mashine kazi ile ile, uangalie mara ya tatu. Kama kwa tofali kasi inapanda ikapita GHz 2 au 3 na kubaki huko, umeshapata jawabu na hujatoa hata shilingi.

Ikiwa kasi imeganda chini hata kwa tofali, bado usikate tamaa. Ile chipu msimamizi nayo huganda. Izime laptopu kabisa, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika na zaidi. Modeli nyingine zina kitundu kidogo chini yake cha kutia ncha ya kishikizo cha karatasi, kwa kazi hiyo hiyo. Kitabu cha modeli yako kitakuonyesha kilipo. Chomeka tofali, iwashe, upime tena.

Na hapo nakutahadharisha jambo moja. Ndani ya laptopu mna ishara ambayo sehemu nyingine za mashine huipelekea prosesa kuiambia ipunguze kasi, ama kwa joto ama kwa umeme. Kitambuzi kikiharibika, au pini ya katikati ya chaja inayoitambulisha chaja kwa mashine ikipinda, ishara hiyo hubaki imewashwa daima na kasi huganda pale pale 0.39. Ziko programu zinazoweza kuizima, na mafundi wengine huzitumia wakakurudishia mashine inakimbia. Usikubali. Anayeizima hajatibu kitu. Ameondoa mlinzi, na siku joto au umeme utakapozidi kweli hapana wa kuzuia.

Kwa ofisini, shauri langu ni ununue tofali la pili la asili lenye wati zile zile. Najua bei yake inauma, lakini ni sehemu ndogo ya hiyo milioni na laki mbili. Ukitaka la USB-C kwa ajili ya wepesi, jua kwamba waya nao una kiwango chake. Waya wa USB-C wa kawaida, usio na chipu ya utambulisho ndani yake, unapitisha ampea 3 tu, yaani wati 60 kwa volti 20, hata uuchomeke kwenye chaja ya wati 100. Utaratibu mpya wa mwaka 2021 unaruhusu mpaka wati 240, lakini chaja, waya na laptopu lazima vyote vitatu viwe vinaukubali. Angalia orodha ya chaja iliyotolewa na waliotengeneza modeli yako kabla hujatoa pesa.

Sasa nyumbani. Umeme unaokutambaa mkononi na kishale kinachorukaruka ni jambo moja. Ndani ya tofali mna vichujio ambavyo kwa kawaida huvujisha umeme mdogo sana, na pini ya tatu ya plagi, ile ya ethi, ndiyo inayouchukua kuupeleka ardhini. Adapta yako ya pini mbili imeikata njia hiyo. Umeme ule hauna pa kwenda, unabaki kwenye bati la laptopu unasubiri mkono wako. Nayo tachipadi husoma kidole kwa chaji ya umeme. Bati likishakuwa na umeme wake, inasoma vidole visivyokuwepo. Unaweza kulihakikisha usiku huu: chomoa chaja, tumia betri. Kishale kikitulia papo hapo, basi ni ethi.

Dawa yake ni rahisi. Waya unaotoka ukutani kwenda kwenye tofali unachomoka. Lipeleke tofali dukani, wakutafutie waya unaoingia tundu lile, wenye plagi kubwa ya pini tatu za mraba tunayotumia hapa, na fyuzi yake. Tofali lenyewe lisome upande wa INPUT: likiandikwa 100–240V, linakubali umeme wetu wa volti 230 vizuri, na mtu asikuuzie transfoma. Kisha mwite fundi umeme aipime soketi yenyewe. Katika nyumba nyingi tundu la tatu lipo ukutani lakini nyuma yake hapana waya wowote, na hilo ni la kutengenezwa kwa ajili ya watoto wako kabla ya laptopu.

Asilimia 80 si ugonjwa. Ni mpangilio unaozuia betri isijae kabisa ili idumu, na laptopu nyingi za kikazi zinao. Huenda kaka yako aliuwasha, huenda ilikuja hivyo. Kwa joto letu na kwa mtu anayekaa amechomeka mchana kutwa, mimi ningeuacha. Ukitaka kujua afya ya betri kwa hakika, fungua dirisha la kuandikia amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na Windows itakuandikia ripoti. Linganisha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa kujaa sasa. Ikiundwa na 90,000 na sasa inajaa 85,000, haina neno. Ikijaa 45,000, nusu yake imeshakwenda.

Lakini itizame na kwa macho. Ieke juu ya meza iliyo sawa uone kama inayumba, na kama sehemu ya kuegemeza viganja imeinuka au tachipadi imekuwa ngumu kubonyeza. Hizo ni dalili za betri iliyovimba. Ukiziona, izime, usiichaji, usiitoboe, usijaribu kuibana irudi, na usipande nayo ndege kuipeleka Unguja au Dar es Salaam. Hapo tu ndipo nitakapokubali betri itolewe haraka.

Joto la mkobani ni usingizi wa siku hizi. Ukifunga kifuniko, laptopu mpya hazilali kabisa. Zinabaki macho kidogo kupokea ujumbe na masasisho, na zikizinduka ndani ya mkoba hakuna hewa. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, pale pa kuchagua kifuniko kikifungwa kifanyike nini, uchague ihifadhi kila kitu kwenye diski na kuzima (Hibernate). Itachukua muda kidogo kuamka, lakini utafika Chake na betri yako.

Kuhusu Intel, mwenzako hakusema uongo, ila amelieka pasipo pake. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zikijidhuru kwa volti iliyozidi, na Agosti ya mwaka huo ikatoa marekebisho yaliyopitia kwenye BIOS. Intel yenyewe ilisema prosesa za laptopu hazimo. Na hata dalili zake si hizi: zile mashine zilikuwa zikianguka na kuzima programu ghafla, wala hazikuwa zikipungua kasi ofisini na kupona nyumbani.

Nimefika kwenye fimwea, na hapa nataka unisikilize kwa makini kuliko kote, kwa sababu ramani za watu zimo humo.

Fimwea ni programu iliyoandikwa ndani ya chipu za mashine, inayoamka kabla ya Windows. BIOS ni mojawapo. Kuisasisha ni jambo jema: huziba mianya ya usalama, na mara nyingine hurekebisha hasa mambo ya kuchaji, feni na kasi. Siungi mkono kuikataa milele. Ninachokataa ni kuifanya iwe dawa ya kwanza ya ugonjwa ambao hujaupima. Maliza kwanza ya chaja na ethi. Mashine ikishatulia, ndipo uisasishe, na kwa utaratibu huu.

Kabla ya kugusa chochote, nakili ramani zote kwenye diski ya nje, uifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinafunguka. Kisha tafuta ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga data ya diski. Laptopu nyingi za Windows 11 zinakuja na diski iliyofungwa kwa kufuli hilo bila mwenyewe kujua. BIOS ikibadilika, Windows inaweza kushuku kuwa mashine imeingiliwa, ikakudai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, data imekwenda. Hapana fundi wa kuifungua, awe Darajani au Dubai. Na kwako wewe kuna jambo la kuangalia zaidi: kaka yako ndiye aliyeipanga mashine mwanzo, kwa hiyo yumkini ufunguo umo kwenye akaunti yake ya Microsoft, siyo yako. Mpigie leo. Aingie kwenye akaunti yake, akutafutie, uuandike kwenye karatasi na uuhifadhi mbali na laptopu. Siku ya kusasisha, isimamishe BitLocker kwa muda kabla hujaanza.

Fimwea yenyewe ichukue kwa waliotengeneza mashine, kwa kuandika namba yake ya utambulisho (serial number) iliyoko chini, au iache Windows ikuletee. Isitoke kwenye flashi ya mtu. Chomoa droni, diski na kila kitu, chomeka tofali la asili, hakikisha betri imejaa vizuri. Ukishaanza, iache. Skrini itazima, feni zitavuma kwa nguvu, inaweza kujiwasha upya zaidi ya mara moja, na utaona kama imekufa. Usibonyeze kitufe. Shughuli hii yote huwa ni ya dakika, lakini dakika hizo ni ndefu.

Na umeme je? Tangu ulipofika waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba hatutegemei tena majenereta ya Wesha, hali ni nafuu mno kuliko zamani. Lakini katizo la dakika moja tu linatosha kuiua BIOS iliyoandikwa nusu. Kinachokulinda hapo ni betri yako. Umeme ukizimika, laptopu yenye betri nzima inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo yule anayekwambia itolewe betri kisha ndiyo ipigwe BIOS anakuvua ngao katikati ya vita. Tena laptopu nyingi zikikosa betri hujipunguza kasi zenyewe, kwa hiyo hata kipimo chake kingekuwa cha uongo. Ya shemeji yako, nadhani betri ilikuwa imeshachoka. Mwambie asiitupe: laptopu nyingi za kikazi zina nakala ya akiba ya BIOS au njia ya kuirudisha kwa flashi, na ikishindikana kabisa, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuifufua bila kubadilisha madabodi.

Simtukani fundi wako. Kuna mafundi hodari sana visiwani, wanaofufua mashine bila hata mchoro. Lakini mtu anayetamka madabodi bila kukuuliza unatumia chaja gani hajapima bado. Kabla hajaifungua, ingiza ile namba ya chini kwenye tovuti ya waliotengeneza uone kama dhamana ingalipo. Baadhi ya laptopu za kikazi zina dhamana ya kimataifa, na bisibisi la mtu asiyeruhusiwa linaweza kukuharibia.

Ukipata zile kasi tatu, ya chaja ndogo, ya betri peke yake na ya tofali, niandikie pamoja na jina kamili la modeli. Kama kwa tofali na baada ya kushikilia kitufe bado iko 0.39, hapo nitakuwa wa kwanza kukwambia umrudie fundi, uende na namba hizo mkononi, umwambie aanze kukagua tundu la chaja na vitambuzi vya joto.